Fyuzi Ilikuwa Mfukoni

Yalimpata fundi mmoja, rafiki wa marehemu mume wangu, na Mungu ni shahidi, si mtu wa porojo. Aliitwa kutengeneza winchi ya nanga kwenye boti ya matanga iliyopandishwa nchi kavu baada ya mwenyewe kuzama baharini, cheni ya nanga imemnasa mguu. Cheni hiyo ilikuwa imetandazwa juani, kando ya boti, ncha yake moja ingali kwenye winchi, wiki ya tatu sasa.

"Upesi, mzee! Mnunuzi yuko njiani," alifoka mdogo wa yule mwenye boti aliyezama.

"Sina mikono ya akiba, bwana mdogo."

Fundi alichomoa fyuzi ili winchi isipate umeme, akaitia mfukoni kama ilivyo kawaida yake, kisha akajikunja ndani ya shimo la kuwekea cheni, chini ya winchi, gizani, akaanza kupaka meno ya winchi grisi. Mara winchi ikalia juu ya kichwa chake: kwa, kwa, kwa. Cheni ikaanza kuingia, ikamfunika magoti, ikapanda hadi kifuani.

"Zima! Utaniua!"

"Nizime nini? Mimi niko huku nje, chini ya boti!" alijibu mdogo mtu. "Nani anaivuta?"

Fundi alipapasa mfuko. Fyuzi ilikuwemo. Winchi ikanyamaza yenyewe. Akaishika cheni ili ajinasue, cheni ile ile iliyokaa juani wiki tatu, nayo ikamchuruzikia maji ya bahari mikononi, ya baridi.