Magunia Manne ya Ghala la Alum Rock

"Lori linatoka saa saba, ndege haisubiri," Haidari alisema kwenye simu kutoka Nairobi. "Magunia mabaya yabaki, mazuri yaondoke. Ukizuia mzigo wote, vifaranga wa samaki watakufa njaa. Umenipata, Magdalene?"

"Nimekupata, mkuu."

Akaitupa Nokia kitini, akakanyaga mafuta.

BMW ya Albert, muuza chakula na mayai ya samaki, ilivuka taa nyekundu pale Ladywood, huko ughaibuni. Magdalene naye akavuka. Miaka kumi na miwili ya ujasusi, mgongo umekufa, na leo anafukuzana na mtu kwa sababu ya chakula cha samaki! Alichoka, jamani.

Lakini haikuwa mchezo. Katika magunia hamsini ya chakula cha trauti, Albert alikuwa amechanganya manne yenye homoni ya kiume. Kifaranga jike akilishwa hiyo tangu anapoanza kula, hugeuka dume. Msimu wa kutaga ukifika, bwawa zima halina yai. Hapo wafugaji wa Mlima Kenya wangelazimika kununua mayai kwa Albert kila mwaka.

Mmoja wa wafugaji hao alikuwa Denise, dadake Magdalene wa tumbo moja.

BMW ikasimama mbele ya ghala, Alum Rock. Magdalene akaingia kwa mlango wa nyuma, bastola yake ya Glock ndani ya koti.

Magunia yote yalifanana.

"Dada, yale manne ya kule mlangoni msiyapakie," mtu alimwambia. Alikuwa Rashad, Mzanzibari mwenye ghala, akidhani ni karani wa ndege. "Yananuka pombe! Mie hapa naweka mchele na tende za watu. Nimeyatenga tangu jana, Bwana Albert hana habari."

Magdalene akainama, akanusa.

Spiriti.

Homoni huyeyushwa kwa spiriti kabla ya kunyunyiziwa chakula. Wajinga hawa walifunga magunia kabla hayajakauka.

"Kaka, Mungu akuweke."

"Nani amegusa mzigo wangu?"

Albert. Bastola mkononi.

Paa! Mchele ukamwagika. Magdalene alikuwa ameshamfikia. Kitako cha Glock kikatua kwenye kifundo cha mkono. Albert akapiga magoti, pingu zikalia.

"Yarabi! Mchele wangu!" Rashad alilia.

Saa saba lori likaondoka na magunia arobaini na sita. Ving'ora vya polisi vilipokaribia, simu ikaita. Denise.

"Maggie, chakula kimetoka? Vifaranga wameanza kupanda juu ya maji, wanataka kula."

"Kimetoka."

"Na wewe leo umeshinda wapi?"

"Store. Natenganisha magunia."

"Ati magunia! Mtu na digrii yake! Si urudi nikupe kazi ya maana hapa bwawani?"

Magdalene alicheka, kisha machozi yakamtoka kwa uchovu. Akaificha Glock, akatoka kwenye manyunyu bila haraka.

"Niwekee hiyo kazi, Denise. Nakuja."