Wimbo Ambao Gravemoor Hawakuumaliza

Kwanza ilikuwa harufu ya udongo mbichi. Alwyn Pardoe alidhani ni unyevu wa lile kanisa kuukuu la Netherton, Uingereza, ambamo bendi yake, Gravemoor, ilirudi kufanya mazoezi baada ya miaka arobaini. Muziki wao mzito, wa mwendo wa jeneza, zamani watu wa mji wao wa Dudley waliucheka. Sasa ulihesabiwa kuwa chimbuko la bendi nyingi. Royston, mwimbaji wao, alikwisha kufa. Gitaa la besi alipiga Thelma, bintiye Alwyn.

"Neville, mbona unatuchelewesha?" Alwyn alimuuliza mpiga dramu.

"Si mimi," Neville alinong'ona. Mikono yake ilikuwa juu. Dramu zilikuwa zikiendelea kulia.

Alwyn akaacha kupiga gitaa. Papo hapo Thelma akaanguka, midomo imemgeuka buluu. Neville akamwekea sikio kifuani.

"Moyo haupigi!"

Alwyn akagusa nyuzi bila kujua kwa nini, moyo ukadunda. Akaacha kupiga, nao ukanyamaza. Basi akapiga, akapiga mchana kutwa, huku wauguzi walioitwa na Neville wakihangaika bure na mashine zao, ngozi ya vidole vyake ikichanika, na chini ya sakafu sauti isiyo ya mtu ikiufuatisha wimbo polepole, polepole zaidi, kana kwamba inamsubiri achoke.

Beryl, mjane wa Royston, akaingia akihema.

"Shemeji, wimbo huu Royston hakuutunga. Aliniambia aliusikia kwenye handaki la mfereji, akauiba."

"Huyo mwenye wimbo anataka nini? Mwanangu anakufa!"

"Umalizwe. Kwenye sahani ya santuri mliufifisha tu, hamkuupa mwisho."

"Nikikosea?"

Beryl akapiga magoti kando ya Thelma, akamshika mkono.

Alwyn akafumba macho, akaisikiliza ile sauti ya chini mpaka ilipovuta pumzi, kisha akapiga mlio mmoja, akauacha ufe wenyewe. Vioo vya madirisha vikapasuka. Harufu ikatoweka.

Thelma akakohoa. "Baba... mikono yako!"

Kabla hawajamaliza kumfunga Alwyn bendeji, simu ya Thelma ikaita, naye akamwekea baba yake sikioni. Alikuwa msichana kutoka Tampere, Ufini, analia.

"Bwana Pardoe, tunapiga wimbo wenu tangu jana. Tukiacha, kaka yangu hapumui. Nakuomba, unaishaje?"

Nyuma yake dramu zilidunda, taratibu.

Alwyn akafungua kinywa amwimbie ule mlio wa mwisho. Hakuukumbuka.