Tundu la Antena

Jua lilikuwa linazama Nae alipong'oa jiwe la pili ukutani. Ukuta ule, mfupi kwa upana lakini mrefu kwa kimo, uliosimama kati ya lango na mlango, ulijengwa na babu wa mumewe kuwazibia njia wafu, kama kuta za namna hiyo katika kisiwa kile kidogo cha Okinawa. Leo ulikuwa unaziba antena. Antena iliyorusha mtandao ilikuwa juu ya ghala la bandarini, mwisho wa barabara iliyonyooka kama rula. Ya kwake aliifunga chini ya upenu, maana vigae vya zamani vya paa havikubali msumari. Na hizo mbili sharti zionane.

"Nae," jirani yake, Bibi Makato, alinong'ona kutoka langoni. "Wale hawajui kukata kona. Wanakwenda moja kwa moja tu. Unawafungulia."

"Basi waje wanisaidie kukaza skrubu."

"Una kichwa kigumu wewe. Si umsubiri fundi na mlingoti wake?"

"Fundi ni wiki ijayo, Bibi. Seitoku wangu anachukuliwa kesho."

Moyo wa mumewe ulikuwa umechoka. Daktari wa ng'ambo alikubali abaki nyumbani kwa sharti moja: kipimo kilichobandikwa kifuani kitume mapigo yake hospitalini bila kukatika. La sivyo, meli ya asubuhi imchukue. Na Seitoku alishaapa kwamba akipanda meli hiyo, harudi akiwa hai. Nae alikuwa amechoka kuamrishwa na kila mtu, walio hai na wafu.

Akapitisha waya mmoja, wenye kubeba umeme na mtandao pamoja, kutoka kwenye antena hadi kiboksi cha umeme sebuleni. Kifaa cha waifai akakitundika juu ya mlango wa mgonjwa, mbali na friji. Akachomeka.

Taa nyekundu... nyekundu...

Kijani.

Simu ikalia. Alikuwa Chinen, muuguzi wa zamu. "Tumempata, Mama. Mapigo yanaonekana vizuri."

Nae akacheka peke yake, machozi yakimtoka.

Kisha ikaja harufu. Mwani uliooza. Na nyayo zenye maji, huko barabarani... chwa... chwa... Zikapita tunduni. Zikapita upenuni. Hazikukata kona.

Simu tena. Safari hii Chinen alinong'ona.

"Mama... nani amelala na mzee?"

"Hakuna mtu."

"Naona mioyo miwili."

Nywele zilimsimama Nae. Mkono ukaenda kwenye swichi, ukaganda hapo. Kuzima ilikuwa ni kumpakia Seitoku melini.

"Sizimi," aliliambia giza. "Mtandao huu ni wa mume wangu. Wewe umedandia tu."

Akatoka na bisibisi, akaifungua antena umeme ukiwa bado unapita, akapanda ukutani na kuifunga juu kabisa, bila kujali tena upepo wa bahari, iione bandari juu ya vichwa vya wapita njia. Akashuka. Akaupiga ukuta kofi.

"Toka sasa. Naziba."

Baridi ikamgusa shavu. Chwa... chwa... zikashuka barabarani. Akayasukumiza mawe yote mawili mahali pake.

"Sasa ni mmoja tu," Chinen alisema simuni.

"Afadhali."

Nae akaingia chumbani kwa mgonjwa, simu sikioni, akafunga mlango nyuma yake.

"Ila, Mama... moyo wa mzee ulikuwa unasuasua. Huu unapiga kama wa kijana. Una uhakika aliyebaki ni yeye?"

Nae akageuka. Seitoku alikuwa ameketi kitandani, yeye ambaye kwa miezi alikuwa hainuki bila kushikwa.

"Nina njaa," alisema. Sauti ilikuwa yake. Karibu yake.

Nae akapakua bakuli la uji wa mchele, akaliweka mbele yake. Kisha akaketi mlangoni, miguu kaitandaza kizingitini.

"Kula. Kama ni wewe, mume wangu, karibu nyumbani. Kama siwe, kula ushibe, maana hutoki humu mpaka unirudishie Seitoku."