Mjukuu Wangu Amemfufua Dereva Ambaye Hakuwepo

Nina miaka themanini na mbili, mjane, naishi Iyunga hapa Mbeya kwa binti yangu. Sikutegemea kuandika maneno ya hasira kama haya uzeeni. Lakini nimechokozwa, wasomaji wenzangu! Tena na damu yangu mwenyewe!

Labda mmeiona ile tamthilia ya mauaji kwenye tivii, inayoanza na maandishi kwamba ni kisa cha kweli. Mke anacheka-cheka na dereva wa lori, mume anawafuma, anamuua mkewe kwa wivu... Watu wanamlilia yule mume! Sasa nawaambia: mwanamke yule ni Yustina, dada yangu wa tumbo moja. Na huyo dereva ni uongo mtupu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Sisi ni Wahehe wa Iringa, wakulima, watu wa misheni. Nilikuwa msichana mdogo Yustina alipoolewa na Lazaro, seremala wa Mafinga. Kanisani alikuwa mwimbaji, mpole kama kondoo. Nyumbani kwake alikuwa mnyama!

Mara ya kwanza dada alirudi kwetu jicho limevimba. Baba akamrudisha. Mara ya pili alirudi hawezi hata kunyanyua mkono... Baba akamrudisha tena! Alisema ng'ombe wa mahari wameshatumika kumwolea kaka yetu mke, kwa hiyo avumilie. Dada alinikumbatia kwa mkono mmoja, akamfuata baba.

Mvua zilipokwisha, Lazaro akaja kwetu analia. Mkewe, alisema, ametoroka na dereva wa lori la mbao, wamekimbilia Mbeya. Baba akamwamini! Akamwomba radhi, akatukataza kulitaja jina la Yustina. Mama akachinja kuku. Mnaweza kufikiria? Muuaji alikula kuku wetu!

Kumbe dada hakwenda popote... Wanawake waliokwenda kuchota maranda kwenye kiwanda cha mbao walimkuta amefukiwa chini ya lundo.

Lazaro alikamatwa. Siku ya kesi nilikuwa nimemshika mama mkono. Jaji alimuuliza dereva huyo ni nani. Akajibu hakuna dereva. Jaji akamuuliza: basi mkeo ulimuua kwa nini?

"Ugali ulichelewa," alisema.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja hali ya hewa! Alinyongwa. Mama naye hakumaliza mwaka.

Haya yote nilimsimulia mjukuu wangu Gasto, anayetengeneza tamthilia Dar es Salaam. Alikuja, akala viazi vyangu, akanirekodi kwenye simu yake huku machozi yanamtoka. "Bibi," aliniambia, "nchi nzima itamjua Yustina." Nikambariki.

Siku ya kuonyeshwa, sebule ilijaa majirani. Nilivaa kitenge cha kanisani. Halafu akatokea dereva... Nikajipa moyo kwamba mbele watasema ukweli. Hawakusema! Ilipoisha, jirani mmoja alinigeukia akicheka: "Bibi, kumbe dada yako naye alikuwa hatulii!"

Afadhali angenipiga kofi.

Nilimpigia Gasto palepale. "Huyo dereva umemtoa wapi?"

"Bibi, tulia kwanza. Mtu kuuawa kwa sababu ya ugali, watazamaji hawawezi kuamini. Lazima kuwe na sababu."

"Kwa hiyo ukamtafutia Lazaro sababu?"

Akasema ni sanaa tu. Nikamwambia uongo ule ulishakufa mahakamani, mbele ya macho ya mama yangu, na yeye ndiye aliyeufukua! Nikamwomba angalau aliondoe jina la dada. Akasema haiwezekani, watu wameshalisikia.

Juzi akaja mwenyewe na mfuko wa zawadi. Wanataka sehemu ya pili, ati nimsimulie habari za baba yangu! Zawadi zake nilizirusha uani. Binti yangu, ambaye ndiye mama yake, alipiga magoti kuniomba nimsamehe. Nimekataa. Asimame kwenye tivii hiyohiyo aseme amemsingizia marehemu, ndipo aje tuzungumze. Mnasema mimi ni bibi mkatili? Semeni!

Nawasihi, wasomaji. Anayekuja na simu na machozi kutaka habari za marehemu wenu, muulizeni kwanza anakwenda kuzifanyia nini, hata kama ni mtoto mliyemlea. Dada yangu hawezi kusimama kujitetea.

Na wewe mzazi ambaye binti yako amesimama mlangoni na mzigo wake kichwani... usimuulize amekosea nini. Mpishe aingie!