Mume Wangu Alifuta Wagonjwa, Nami Nikatia Sahihi

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, ni mama wa watoto watatu, na ninaishi kijiji kimoja cha Karatu, huku juu ambako mwezi wa sita ukungu hushuka kutoka Ngorongoro na kukaa mpaka saa nne za asubuhi. Ninayoyaandika yana miaka minne sasa. Hasira yake haina hata siku moja ya uzee!

Mimi ni mhudumu wa afya wa kijiji. Kila msimu wa baridi kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba na daftari, nikiandika nani ana homa, nani anakohoa, nani amebanwa kifua. Kila Ijumaa hesabu inapelekwa kwa mganga wa zahanati. Vijiji vyenye wagonjwa wengi ndivyo anavyovipelekea dawa na sindano kwanza. Kazi ndogo, sivyo? Hata mtoto wa darasa la nne angeiweza... Mimi iliniua.

Sasa sikilizeni. Sisi Wairaqw tuna mila inayoitwa metimani. Nyumba iliyopatwa na balaa hutengwa. Watu wake hawachoti maji pamoja na wenzao, ng'ombe wao hawachungwi na wa jirani, hakuna anayeingia kwao wala kuwaomba moto. Kanisani tulishaambiwa ni ushenzi, tukaitikia ndiyo, ndiyo... lakini woga wake haukututoka. Nilipoanza kuwaambia watu kwamba nyumba yenye mafua makali isipokee wageni kwa wiki moja, wao walisikia metimani tu! Wakaanza kunificha wagonjwa. Wakiniona na daftari, wanameza kikohozi mpaka macho yanatoka machozi.

Mwaka huo mafua yalikuja vibaya. Jumatano nikaenda kwa mama mkwe wangu, nikawakuta wanne wamelala, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, homa inamtetemesha. Nikaandika majina yao kwa penseli. Tatizo ni kwamba Jumamosi ya wiki ile ile, nyumbani humo humo, mdogo wa mume wangu alikuwa anaoa. Pombe ilikwishapikwa. Wageni walikwishaitwa, na mama yangu mzazi alikuwa njiani kutoka Mbulu.

Mume wangu, Bura, ni mzee wa kanisa. Mtu mzima, mwenye suti! Ijumaa alfajiri nilimkuta mezani, ameshika raba ya shule ya mtoto wetu, anafuta. Majina manne yote yamekwenda. Chini akaandika sifuri.

Nikamuuliza anafanya nini. Hakuinua hata uso. "Mama Theresia," akasema, "unataka nyumba ya mama yangu itengwe kesho watu wakija harusini? Mke gani wewe? Weka sahihi, baiskeli inanisubiri."

Na mimi nikaweka! Mpumbavu mimi! Hakunipiga wala hakunitishia. Nilitaka tu kuitwa mke mwema. Akaichana karatasi ile daftarini, akaikunja, akapanda baiskeli, akaipeleka kwa mganga.

Mama alifika jioni hiyo, amechoka, na kapu la viazi vitamu kichwani. Yeye na mama mkwe walikuwa marafiki tangu ujana wao. Akaomba akalale kule kwa rafiki yake, wapige soga. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Neno moja tu lilitakiwa... "Mama, usilale kule, wanaumwa." Maneno manne, haya! Lakini ningeyasema, siri ingetoka. Nikamwangalia anakwenda zake, anacheka. Wakalala kitanda kimoja, blanketi moja, na mama mkwe akamwambia ni uchovu wa harusi tu.

Harusi ilifana, lo! Kibuyu kilizunguka mdomo hadi mdomo. Bura alisimama akahubiri juu ya upendo wa jirani. Na nusu ya wacheza ngoma walikuwa wanakohoa!

Jumatano mama akaanza kutetemeka. Alhamisi akashindwa kunywa hata uji. Ijumaa pumzi zikawa fupi, mbavu zinaingia ndani. Vijana wakambeba kwa machela, tukashuka na tope lile mpaka zahanati. Njia nzima aliniuliza kama kuna mwingine anayeumwa. Nikamwambia hakuna. Hata pale, wasomaji... hata pale nilidanganya!

Mganga alimpima, kisha akafungua kabati. Sindano za kifua zilikuwa zimekwisha. Akaniletea karatasi yangu mwenyewe, akanionyesha sifuri na sahihi yangu. "Veronika, zote nimezipeleka kwa walioandika wagonjwa. Wewe uliniambia kwenu wazima. Ningejua, ningekuja mwenyewe." Akatuma mtu kwa baiskeli akatafute zahanati nyingine. Mtu huyo hakuwa amerudi, mama alipokata roho.

Mama mkwe alipona. Mpaka leo anakula na kucheka, na mimi namtengea chakula. Nisemeje?

Baada ya mazishi Bura aliniambia ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Kwani Mungu ndiye aliyeshika raba? Nilimrushia sufuria, naungama, na ningekuwa na ya pili ningeirusha pia. Na majirani, ambao nao walikwishaanza kuugua, waliacha kukanyaga kwetu. Wakatutenga kabisa, bila kutangaza. Kile alichokiogopa Bura kikaja na kukaa mlangoni pake, na mama yangu hakurudi.

Siku ya tatu nilichukua daftari na kalamu ya wino. Nikayaandika upya yale majina manne, mama mkwe wa kwanza. Chini yao nikaandika la mama yangu, na mbele yake, amekufa. Nikaenda kwa miguu mpaka zahanati, nikamwambia mganga kila kitu mbele ya watu. Sikufukuzwa kazi, lakini aibu ile ninayo.

Ndugu zangu wa Karatu, wa Malambo, wa Samunge, popote mlipo, nawasihi. Mgonjwa akiandikwa hajalaaniwa. Ameandikwa ili dawa imfikie na mgeni asimkaribie! Ahirisheni harusi. Bibi harusi hataoza kwa wiki moja. Na wewe mwanamke uliyeshika kalamu, usimpe mtu yeyote raba, hata kama ndiye baba wa watoto wako.

Wiki iliyopita nilianza kukohoa mimi. Nikaandika jina langu juu kabisa ya ukurasa, kwa wino, kisha nikajifungia chumbani. Bura akabisha hodi, akauliza chakula chake kiko wapi. Nikamwambia akapike. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama ni lazima jina la nyumba yetu lisomwe kule zahanati.

Nilimwambia daftari liko mezani, na raba nilishaichoma siku tuliyomzika mama.