Jina la Mtumiaji

Ti.

Mlio mmoja tu, mwembamba, kutoka sebuleni. Mwanakheri alifumbua macho gizani, akasikiliza. Haukurudia. Ulikuwa mlio wa kompyuta inayowaka, na kompyuta hiyo aliizima yeye mwenyewe jioni ile, kisha akachomoa waya ukutani.

Mambo yalianza Jumamosi, mchana kweupe, hapo hapo nyumbani kwao Mabwerebwere, Kilosa. Fundi Nickson alikuja na pikipiki yake kutoka Mikumi, akapiga hodi, akavua viatu.

"Shikamoo mama. Shikamoo mzee."

"Marahaba," aliitikia Mwanakheri. Mumewe, Mzee Yassin, aliitikia bila kuinua macho.

Kompyuta ilikuwa imekaa ndani ya boksi lake miaka mitatu. Kasha dogo jeusi, la kuunganisha na runinga ili sebule igeuke ukumbi wa sinema. Binti yao wa pekee ndiye aliyeifuata Mikumi, ametumwa na baba yake. Basi alilorudi nalo lilipinduka karibu na kijiji cha Ulaya. Boksi halikupata hata mkwaruzo.

Tangu msiba ule Yassin alikataza jina la binti huyo lisitajwe tena. Majirani nao wakatii. Mwanakheri, aliyekuwa ameitwa kwa jina la mwanawe miaka ishirini na miwili, mama wa fulani, akarudi kuitwa Mwanakheri tu, kama mwanamke asiyewahi kuzaa. Sasa alikuwa amechoka kulipangusa boksi. Kitu kilichomtoa mwanawe nyumbani, alitaka kiwake. Walau mara moja.

"Haya mama, hapa tuchague mfumo wa kuiendesha," alisema Nickson. "Windows au Linux? Windows kila mtu anaijua, ila inataka leseni. Linux ni ya bure, haina makuu, na hii niliyo nayo inaongea Kiswahili. Ukiwasha, inakupeleka kwenye filamu moja kwa moja."

"Fundi, funga mashine," alisema Yassin. "Mbona kama unagombea udiwani?"

Wakacheka wote watatu. Nyumba ile ilikuwa imesahau kicheko.

"Weka ya Kiswahili," alisema Mwanakheri.

Kazi ikaenda vizuri mpaka ilipofika mahali pa kuandika jina la mtumiaji.

"Niandike nani?"

Mwanakheri alimtazama mumewe. Mumewe alitazama sakafu.

"Acha wazi," alisema Yassin.

"Inakataa, mzee. Lazima jina."

"Basi andika Mgeni."

"Na neno la siri?"

"La nini? Aingie tu."

Nickson akaandika. Kibodi ilikuwa bado na nailoni yake ya dukani, na juu ya herufi palikuwa na vumbi jekundu, lile la barabarani. Akalifuta kwa kitambaa. Halikutoka. Akalisugua kwa kidole, kisha akaondoa kidole haraka. Vumbi lilikuwa ndani ya nailoni.

Siku mbili walitazama kwa raha. Jumatatu, magharibi inaingia, filamu ikakatika katikati ya harusi. Runinga ikawa nyeusi. Maandishi meupe yakajitokeza.

*Mgeni yuko mlangoni. Jina?*

Mwanakheri alitazama saa ya ukutani. Kumi na mbili na dakika arobaini. Ndiyo saa ambayo, miaka mitatu iliyopita, alisimama stendi kulisubiri basi.

Jumanne ikawa hivyo hivyo. Jumatano pia.

Alhamisi Nickson alirudi. Akaifuta Linux yote, akaweka Windows, ya Kiingereza kitupu. "Hii haijui hata kusema karibu," alitania, lakini hakuna aliyecheka. Ilipofika dakika ile, maandishi yakarudi. Kwa Kiswahili.

Fundi akashika bisibisi. Akafungua kasha, akachomoa diski, akaiweka kiganjani mwake. Alieleza kwamba mfumo wote umo ndani ya hiyo diski, na bila hiyo mashine ni bati tupu. Haiwezi kukumbuka neno.

Runinga ikaandika: *Huku kuna giza. Jina?*

Nickson alirudi nyuma mpaka mlangoni. "Mama," alinong'ona, "hii si kazi ya fundi." Akaondoka na diski mkononi, peku, viatu akaviacha kizingitini.

Usiku wa siku hiyo ndipo ulipolia ule mlio.

Mwanakheri alipapasa kitanda. Upande wa mumewe ulikuwa baridi.

Alimkuta sebuleni, amekaa mkekani mbele ya runinga. Waya wa kompyuta ulilala sakafuni, haujachomekwa popote. Mwanga ulikuwa usoni mwake. Mashavu yameloa.

Mwanakheri alikaa kando yake. Lipo jambo alilokuwa akiliogopa kuliuliza kwa miaka mitatu. Katika ukoo wa Yassin, anayefia safarini hurudishwa. Aliyemtuma husimama pale alipoangukia, humwita kwa jina lake, kisha hutembea kuelekea nyumbani bila kugeuka. Lazima awe yeye aliyemtuma. Mwingine akiita, hasikiki.

"Siku ile, kule Ulaya," alinong'ona. "Ulimwita?"

Yassin alijifuta mashavu kwa kiganja.

"Alinipigia simu toka Mikumi. Akaniambia, baba, basi lenyewe bovu, nilale kwa shangazi, nitakuja kesho. Nikamwambia hapana. Nataka kutazama mpira leo. Nilipofika pale nilifungua kinywa. Sauti ikagoma. Wenzangu wakadhani nimeita kimoyomoyo. Tukarudi na mwili tu."

Mwili tu.

Mwanakheri hakupiga kelele. Angepiga kelele, ingekuwa afadhali.

"Miaka mitatu mwanangu amesimama barabarani," alisema taratibu. "Mimi namlilia kaburini, kumbe hayupo. Na wewe umetuziba midomo mtaa mzima."

"Nilikuwa na aibu. Kila nikilikumbuka jina lake, naisikia ile simu."

"Mimi siwezi kumwita, baba. Ningeweza, nisingekuwa nimekaa hapa."

Runinga ilififia. Ikawaka tena. Safari hii haikuuliza jina. Herufi zilikuja moja moja, polepole, kama za mtu anayeandika kwa mkono uliochoka.

*Baba, miguu inauma.*

Mwanakheri alijiziba mdomo kwa kanga. Nje hakukuwa na upepo, lakini komeo la mlango lilitikisika. Kidogo. Kama anayetikisa ni mtu mwenye adabu, anayejua kwamba wenyeji wamelala.

Yassin aliinuka. Akatembea hadi mlangoni, akaweka kiganja juu ya mbao, akafungua kinywa. Sauti haikutoka. Akajaribu tena. Haikutoka.

Mwanakheri akaja nyuma yake, akamwekea mkono mgongoni, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukohoa.

"Nilikutuma mimi," alisema Yassin. "Ni mimi. Njoo nyumbani, Yusrah."