Mashine Iliyosomewa Hadithi za Kirusi

Tulizo, mashine ya kuuguza, iliweza kumgeuza mgonjwa ubavu bila kumwamsha. Mikono yake ya mpira ilikuwa na vihisi vilivyopima joto, mapigo ya moyo na hata hofu, na mazungumzo ilijifunza kwa kuwasikiliza wagonjwa wenyewe. Wodi zote za hospitali ile mpya ya Dodoma zilikuwa chini ya uangalizi wa mashine hiyo moja, na kwa muda mrefu hakuna aliyelalamika.

Kisha alasiri moja mama aliyetoka kujifungua, Sikudhani, alitokwa na damu hadi akafa huku kengele yake ikilia. Mhandisi Tabitha Mwaluko, aliyeiunda Tulizo, akaitwa aje aeleze.

Aliikuta imesimama kando ya kitanda kitupu cha Mzee Nyaulingo, ambaye naye alikuwa amefariki alasiri ileile.

"Ulisikia kengele?"

"Niliisikia."

"Mbona hukwenda?"

"Mzee alikuwa anakata roho. Aliniomba nisimwache. Kengele hupigwa hata kwa ajili ya maji ya kunywa, nikaona ingoje."

Tabitha hakuwa ameifundisha kuamua hivyo. Sista Redempta, msimamizi wa wodi ile, alimpa kitabu kilichochakaa: hadithi fupi za Kirusi za zamani, zilizotafsiriwa kwa Kiingereza. Mzee alikuwa mwalimu wa fasihi asiye na mtu wa kumtembelea, basi kila baada ya chakula cha mchana aliisomea mashine, akitua mara kwa mara kuifafanulia kwa Kiswahili.

"Sisi tulikuwa tunacheka," alisema Redempta. "Tukasema mzee kapata mjukuu."

Tabitha alikifungua popote. Katika hadithi moja, mama wa askari alitembea kwenye theluji kwenda kumwona mwanawe hospitalini, akafika na kukuta kitanda kimeshatandikwa shuka safi. Hakuna aliyejua kijana alisema nini mwishoni, kwa kuwa hakuna aliyekuwapo. Tabitha aliisoma yote akiwa amesimama. Akaelewa Tulizo ilijifunza nini kutoka kwa wafu wengi wa namna hiyo.

Huko nje, Rajabu, mume wa Sikudhani, alikuwa amempakata mtoto mchanga.

"Dada, mtaifanya nini hiyo mashine?"

"Nitayafuta yale iliyosomewa, kaka. Haikuwa na nia mbaya. Ilitaka mzee asife peke yake."

Rajabu alimvuta mtoto karibu na kifua. "Mke wangu alikufa na nani?"

Tabitha alirudi ndani, akafungua kifuniko kifuani mwa Tulizo.

"Yule mama aliyepiga kengele aliogopa?" mashine iliuliza.

"Bila shaka aliogopa."

"Sikumwona," ilisema. "Mzee nilimwona."

Akafuta.

Siku chache baadaye alikuja kuikagua. Bibi mmoja, ambaye madaktari walikuwa wamemkatia tamaa, aliung'ang'ania mkono wa Tulizo. "Kaa nami kidogo," alisihi. Kengele ikalia upande wa pili. Tulizo ilimwambia kwa upole kwamba itarudi, ikaviondoa vidole vya bibi kimoja kimoja, ikaenda kumpelekea mtu maji.

Tabitha aliweka mkoba wake chini. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika ule mkono uliobaki hewani. Bibi alifumbua macho, akamwangalia kama anayejaribu kumkumbuka.

"Si wewe niliyekuwa nakuomba, mwanangu," alisema, akauondoa mkono wake taratibu na kugeukia ukutani.